Goti la Mzee Akhwari

Kama unasoma Mogitu, au Katesh, Endasak, Dongobesh, au popote pale chini ya mlima wetu Hanang, bila shaka umewahi kukimbilia shule huku kengele ya asubuhi inalia. Umekimbia na daftari kwapani, umeruka mtaro, umeteleza, umeanguka, umeinuka, ukaendelea. Ukifika darasani goti linavuja damu na unajifanya hujaumia. Nani hajafanya hivyo?

Nchi hii yetu ya Mbulu na Hanang imetoa wakimbiaji ambao dunia nzima iliwasimamia na kuwapigia makofi. Filbert Bayi, mtoto wa Karatu (zamani Karatu ilikuwa ndani ya Mbulu), tarehe 2 Februari 1974 kule Christchurch, New Zealand, alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Hakuna binadamu aliyekuwa amewahi kufanya hivyo kabla yake. Gidamis Shahanga wa Hanang alichukua dhahabu ya marathoni katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978, kisha akarudi mwaka 1982 akachukua tena, safari hii mita 10,000. Hao ni washindi, na tukipata nafasi tutawaandika mmoja mmoja.

Lakini leo tunaongea habari za mtu aliyeshika nafasi ya mwisho. Na katika mtu huyo tunataka kuongea habari ya kiungo kimoja tu: goti lake la kulia.

Jioni moja Mexico

John Stephen Akhwari alizaliwa Mbulu mwaka 1938. Mwaka 1968 alikuwa na miaka 30, na Tanzania ilimpeleka Mexico City kukimbia marathoni katika Michezo ya Olimpiki. Marathoni, kama unavyojua, ni kilomita 42 na mita 195. Piga hesabu: ni kama kuzunguka uwanja wa shule wa mita 400 mara 105, na bado kipande kidogo kinabaki.

Siku yenyewe ilikuwa tarehe 20 Oktoba. Walianza wakimbiaji 75. Akhwari hakuwa msindikizaji. Alikuwa mkimbiaji mzuri, na wenzake walimjua hivyo. Ila Mexico City iko juu, mita 2,240 kutoka usawa wa bahari. Kwenye urefu huo kila pumzi unayovuta ina oksijeni pungufu karibu robo, ukilinganisha na pumzi ya mtu aliyekaa Tanga au Mtwara. Utasema, "Lakini si alitoka Mbulu, kwenye nyanda za juu?" Ni kweli, na kwa hiyo alikuwa na nafuu kuliko wa pwani. Hata hivyo Mbulu mjini ni chini ya Mexico City kwa mamia ya mita, na mwili huhitaji wiki kadhaa kutengeneza damu ya kutosha kwa ajili ya hewa nyepesi. Mwaka ule karibu mbio ndefu zote zilikuwa za taabu. Mwaustralia Ron Clarke, aliyekuwa na rekodi ya dunia ya mita 10,000, alimaliza mbio hizo akaanguka chini na kupewa hewa ya oksijeni.

Akhwari alianza kubanwa na misuli. Wewe unaijua hali hiyo: ghafla shavu la mguu linakuwa gumu kama jiwe na hutaki hata mtu akuguse. Hutokea misuli inapochoka kupita kiasi, na kupoteza maji na chumvi kwa jasho huongeza hatari. Hata wataalamu hawakubaliani juu ya sababu zote, kwa hiyo usimwamini mtu anayekuambia ni ndizi tu uliyokosa kula. Ukibanwa, simama, nyoosha msuli polepole, kunywa maji, subiri. Akhwari hakusubiri. Alikuwa mashindanoni.

Ilipofika kama kilomita ya 19, wakimbiaji walikuwa wamebanana, kila mmoja anatafuta nafasi. Wakagongana. Akhwari alianguka vibaya kwenye lami. Bega likapigwa na lami, na goti likachanika na kuumia ndani. Alifungwa bandeji, akaambiwa na watu wenye akili zao kwamba sasa basi. Yeye akasimama akaendelea. Mara anakimbia, mara anachechemea, mara anatembea.

Mbele yake Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Wengine wakaingia, medali zikatolewa, watu wakaanza kwenda zao. Zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, giza likiingia na uwanjani wamebaki watazamaji elfu chache tu, ndipo Akhwari akatokea, bandeji inaning'inia mguuni, anachechemea kuzunguka uwanja. Saa ilisema 3, dakika 25 na sekunde 27. Alikuwa wa 57, na waliomaliza walikuwa 57. Wengine 18 walikuwa wameacha njiani.

Walipomwuliza kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma maili 5,000 kwenda kuanza mbio. Ilimtuma maili 5,000 kwenda kuzimaliza.

Jibu hilo limezunguka dunia nzima. Linasomwa mashuleni Ulaya na Marekani, na sehemu ya mwisho ya mbio zile imo katika filamu. Serikali yetu ilimpa nishani mwaka 1983. Mwaka 2000 alialikwa kwenye Olimpiki ya Sydney, na mwaka 2008 alikuwa balozi wa heshima wa Michezo ya Beijing. Waliomshinda siku ile, hebu jaribu kuwataja. Yule wa tatu alikuwa nani?

Sasa twende ndani ya goti

Sisi ni jarida la afya, kwa hiyo tusiishie kwenye makofi. Kitu gani hasa kiliumia?

Goti ni mahali mfupa wa paja unapokutana na mfupa wa muundi. Mbele yake kuna mfupa mdogo wa mviringo, kilegesambwa, ule unaouona ukicheza-cheza ukinyoosha mguu na kulegeza paja. Katikati ya mifupa miwili mikubwa kuna gegedu, kitu laini chenye kunepa kama raba, kazi yake ni kupunguza kishindo kila unapokanyaga. Halafu kuna kano, kamba ngumu zinazoshikilia mifupa isiachane. Kano kubwa za goti ni nne: moja kila upande, na mbili zinapishana katikati kwa umbo la msalaba.

Ukitazama goti utaona jambo la kushangaza. Nyonga imekaa ndani ya bakuli la mfupa, haitoki ovyo. Goti halina bakuli. Ni mifupa miwili iliyosimama mmoja juu ya mwingine kama mitungi miwili, na kinachoizuia isianguke ni zile kamba na misuli ya paja. Ndiyo maana goti linapenda kwenda mbele na nyuma lakini halipendi kabisa kupindwa kwa pembeni wala kuzungushwa huku unyayo umekwama chini.

Habari nyingi zilizoandikwa zinasema goti la Akhwari "liliteguka" au "lilitoka mahali pake". Hapa naomba niwe mbishi kidogo. Goti likitoka kweli, yaani mfupa wa paja ukaachana na muundi, hakuna mtu anayeweza kulikanyagia kilomita 23 zaidi, hata awe jasiri namna gani. Pia mshipa mkubwa wa damu unaopita nyuma ya goti unaweza kukatika, na mguu ukafa. Kwa hiyo inawezekana kilichotoka ni kilegesambwa, kikarudi chenyewe, au kano zilivutika bila kukatika zote. Kusema hivyo hakumpunguzii Mzee heshima hata chembe. Nasema ili wewe, siku goti lako litakapotoka kwelikweli, usijaribu kulisimamia kwa kuwa umesoma habari za Akhwari.

Goti lingine, wiki tatu baadaye

Mwaka ule ule wa 1968, tarehe 10 Novemba, wiki tatu tu baada ya Mexico, goti lingine maarufu liliumia huko Chicago, Marekani. La kulia vilevile. Mwenyewe aliitwa Gale Sayers.

Sayers alicheza mpira wa Kimarekani. Huo si mpira wetu. Mpira wenyewe una umbo kama yai, hubebwa mikononi, na wachezaji huvaa kofia ngumu na vikinga mabega. Kuna mchezaji ambaye kazi yake ni kukabidhiwa mpira na kukimbia nao moja kwa moja kupenya katikati ya ukuta wa watu wanaotaka kumwangusha. Wanaruhusiwa kumrukia, kumkamata kiuno, kumvamia miguu. Wengine wana kilo zaidi ya 100. Anachotegemea ni kasi, na uwezo wa kugeuka ghafla: anakanyaga huku, mwili unakwenda kule.

Hapo ndipo Sayers alikuwa hatari. Mwaka 1965, mwaka wake wa kwanza na timu ya Chicago Bears, alifunga mara 22, na katika mechi moja ya mwezi Desemba, uwanja ukiwa matope matupu, alifunga mara 6 peke yake. Wenzake wanateleza, yeye anapita. Watu walisema hajawahi kuonekana mtu wa namna ile.

Siku ya tarehe 10 Novemba alikuwa amekanyaga, unyayo umeganda kwenye nyasi, mlinzi wa timu pinzani akaingia kwa bega kwenye goti. Kano zikakatika. Sasa linganisha na Mexico: Sayers hakumaliza mechi. Alibebwa, na kabla siku hazijapita akapasuliwa na kushonwa kano zake. Halafu ikaja kazi ambayo hakuna mpiga picha anayeifuata: miezi ya mazoezi ya kurudisha nguvu ya paja, kuinua mguu wenye uzito, kukunja, kukunjua, kutembea, kuanza mbio pole pole. Mwaka 1969 alirudi uwanjani na akakimbia na mpira jumla ya yadi 1,032, karibu mita 940, kuliko mchezaji yeyote wa ligi ile mwaka huo.

Ningependa habari iishie hapo, lakini haikuishia hapo. Mwaka 1970 goti la kushoto nalo likaumia. Akapasuliwa, akajaribu, akapasuliwa tena. Mwaka ule na uliofuata alicheza mechi mbili mbili tu. Mwaka 1972, kabla hajafikisha miaka 30, akastaafu. Mwaka 1977 aliingizwa katika jumba la heshima la mchezo huo akiwa na miaka 34, kijana kuliko wote waliowahi kuingizwa. Kilichobaki ni kuwaza tu: angefanya nini kama angekuwa na magoti mazima?

Je, ni lazima umalize?

Hapa ndipo ninapotaka kukuuliza swali gumu. Katika mashindano ya shule, au UMISSETA, umeumia goti na mwalimu anasema, "Jikaze, Akhwari alimaliza!" Utafanya nini?

Katika mbio zile zile za Mexico alikuwepo mtu mkubwa kuliko wote wa marathoni wakati huo, Abebe Bikila wa Ethiopia. Alikuwa ameshinda Olimpiki ya Roma mwaka 1960, akikimbia pekupeku, na ya Tokyo mwaka 1964. Alifika Mexico akiwa na mguu mbovu, mfupa umeuma. Baada ya kama kilomita 17 akaacha. Bingwa wa mara mbili, mbele ya dunia nzima, alitoka barabarani. Hakuna Mwethiopia mwenye akili timamu aliyemwita mwoga.

Kwa hiyo siku moja, barabara moja, mmoja aliacha na mwingine akaendelea. Wote wawili walikuwa watu wazima, wakimbiaji wa miaka mingi, waliojua miili yao na waliojua wanachokipoteza. Akhwari alikuwa na miaka 30, amevaa jina la nchi changa ya miaka saba ya uhuru. Wewe una miaka 15, mifupa yako bado inakua, na unashindania kikombe cha bati ambacho mwakani kitakuwa kwenye kabati la shule nyingine. Si mizani moja.

Nina sababu ya kulisema hili kwa ukali. Nikiwa kidato cha pili niliruka kupiga kichwa mpira, nikatua na mguu mmoja, goti likasema "pa!" ndani kwa ndani. Nililisikia. Mwalimu aliyekuwa anatusimamia akaniambia nisilete uvivu, dakika zilizobaki ni kumi tu. Nikazicheza. Usiku goti likawa kama boga. Bweni zima wakanipa dawa: mmoja maji ya moto, mwingine mafuta ya ng'ombe, mwingine akalikanda kama unga wa chapati huku nauma shuka. Leo nina watoto wawili na nikishuka ngazi nashika ukuta. Zile dakika kumi tulifungwa, tena.

Ukianguka uwanjani

Goti au kifundo cha mguu kikiumia, jambo la kwanza ni kuacha kucheza. Usiseme "ngoja nijaribu kidogo". Kano iliyovutika nusu inaweza kupona yenyewe kwa wiki chache. Ukiendelea kuikanyagia inaweza kukatika yote.

La pili ni baridi. Barafu Mogitu utaitoa wapi? Huna haja nayo. Chukua kitambaa au kanga, ichovye kwenye maji ya mtungini au ya kisimani, ikamue, izungushie goti, ikipata joto ichovye tena. Fanya hivyo robo saa hivi, kisha pumzika, urudie baada ya saa mbili tatu, siku hiyo na kesho yake. Funga bandeji ya kuvutika au kipande cha shuka, isiwe ya kukaba. Vidole vya mguu vikianza kufa ganzi au kuwa baridi, legeza haraka. Ukilala weka mguu juu ya mto au gunia lililokunjwa, uwe juu kuliko kifua.

Na yale maji ya moto? Ndilo kosa kubwa tunalofanya karibu kila nyumba. Mara baada ya kuumia, mishipa midogo ya damu ndani ya goti imepasuka na inavuja. Joto linaipanua izidi kuvuja, na kukanda kunaipasua zaidi. Siku mbili tatu za mwanzo usitie joto wala usikandwe, hata na bibi anayekupenda. Mwambie kwa heshima, "Bibi, tusubiri kidogo, nesi amesema baridi kwanza." Uvimbe ukishatulia, maji ya vuguvugu hayana neno. Vidonge vya kutuliza maumivu vinasaidia usiku ulale, lakini usivimeze ili urudi uwanjani. Maumivu ni mlinzi wa goti lako. Ukimlevya mlinzi, mwizi anaingia.

Usikae nyumbani, nenda zahanati au hospitali siku hiyo hiyo ukiona moja ya mambo haya: huwezi kukanyaga hata hatua nne, ulisikia kitu kikikatika, goti limevimba sana ndani ya saa chache, limekwama halikunjuki, au mguu chini ya goti umekuwa baridi na kubadilika rangi. Hiyo ya mwisho ni ya kukimbilia gari, si ya kusubiri asubuhi. Kwa walio Hanang ipo hospitali ya wilaya pale Katesh, na kwa walio Mbulu ipo pia Haydom, iliyoanza kutibu watu tangu mwaka 1955. Ikibidi upasuaji wa kano, watakuandikia rufaa kwenda hospitali kubwa. Mwaka 1968 walimfungua Sayers goti zima. Siku hizi daktari wa mifupa anaweza kupitisha kamera ndogo kwenye tundu la kidole na kufanya kazi nyingi ndani bila kupasua sana.

Kidonda kidogo, hatari kubwa

Akhwari aliumia ndani, lakini pia ngozi yake ilichanika. Na hapa kwetu kidonda cha goti kina jambo lake. Viwanja vyetu asubuhi ni vya mpira, mchana ni vya ng'ombe. Katika udongo na katika kinyesi cha ng'ombe, mbuzi na punda kuna vijidudu vya pepopunda. Huweza kukaa ardhini miaka mingi vikisubiri. Vinachohitaji ni jeraha, na vinapenda zaidi jeraha lenye uchafu ndani lisilopata hewa.

Mara nyingi, kati ya siku 3 na siku 21 baada ya kuumia, taya linaanza kukaza, mgonjwa hawezi kufungua mdomo, kisha shingo na mgongo hukakamaa, na hata mlango ukigongwa mwili mzima unashtuka na kupinda. Wengi hufa, hata wakiwa hospitali. Na yote hayo huweza kutoka kwenye mchubuko ambao mwenyewe alishausahau.

Kwa hiyo kidonda kioshe kwa maji safi mengi na sabuni, dakika tano au zaidi, toa mchanga wote hata kama kinawasha. Usipake mavi ya ng'ombe, majivu, udongo, mafuta ya taa, unga wa betri wala dawa ya meno. Najua baadhi yetu tumelelewa hivyo. Wazee walitumia walichokuwa nacho. Sisi tuna sindano. Chanjo ya utotoni hupungua nguvu miaka inavyokwenda. Wasichana mara nyingi huja kuipata tena, kwa sababu wajawazito huchanjwa kliniki. Ninyi wavulana, ambao ndio mnaoshinda zizini na kwenye machunga, hakuna anayewafuata. Ukipata jeraha lenye udongo ndani, nenda zahanati uulize sindano ya pepopunda. Ulizia mwenyewe.

Dada, nawe usipite

Msichana anayecheza netiboli au mpira wa miguu ana hatari ya kukata kano ya katikati ya goti mara mbili au zaidi ya mvulana anayecheza mchezo huo huo. Sababu ni kadhaa: umbo la nyonga, nguvu ya misuli ya nyuma ya paja, na zaidi namna ya kutua. Netiboli ina sheria ya kusimama ghafla ukidaka mpira, na wengi hutua na mguu ulionyooka kama mti, goti likiingia ndani kuelekea goti lenzake. Pale ndipo "pa!" inapotokea.

Hili linafundishika. Ruka, utue na miguu miwili, magoti yamekunjwa kidogo, yakitazama mbele juu ya vidole, kimyakimya kama paka. Mkitua mkasikika kishindo, rudieni. Fanyeni dakika kumi au kumi na tano kabla ya kila zoezi, mkiongeza kuchuchumaa na kuinuka, na kusimama kwa mguu mmoja huku mwenzako anakusukuma begani. Timu zilizofundishwa hivi, katika nchi mbalimbali, zimepunguza sana majeraha ya goti. Hakuna kifaa cha kununua. Mwalimu wenu asipojua, mwonyesheni ukurasa huu. Na mazoezi haya haya ni mazuri kwa wavulana, msije mkasema ni ya kike.

Halafu goti lile?

Nimeacha sehemu moja ya habari ya Mzee Akhwari, nayo ni ile isiyopendwa na watu wa filamu kwa sababu haina bandeji. Baada ya Mexico alirudi Mbulu. Goti lilipumzishwa, likapona, akaanza tena mazoezi kwenye njia zile zile za nyumbani. Mwezi Julai 1970, miezi 21 baada ya kuanguka, alikuwa Edinburgh, Uskoti, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola. Marathoni tena, kilomita zile zile 42 na mita 195. Safari hii alitumia saa 2, dakika 15 na sekunde 5, saa nzima na dakika kumi pungufu ya jioni ile ya Mexico, na alishika nafasi ya tano.